Mchawi anayegeuza njiti ya kiberiti kuwa sindano, anakosaje dhahabu?

#1 Binti Kinu

Wakuu, salamu.

Nimerudia vitabu vyote saba vya Harry Potter. Mara ya kwanza nilivisoma nikiwa kidato cha pili, kwa kuazimana bwenini, kila mtu usiku wake mmoja. Safari hii nimevisoma nikiwa mtu mzima mwenye kodi ya nyumba na ada ya mtoto, na kuna jambo nililolipita enzi zile ambalo sasa limenikaa kooni.

Kitabu cha kwanza, darasa la mwalimu McGonagall, watoto wanapewa njiti ya kiberiti waigeuze sindano. Hermione anakaribia kabisa: njiti yake inakuwa na rangi ya fedha na inachongoka. Huyo ni mtoto wa mwaka wa kwanza.

Kitabu cha pili, Mama Weasley, mama yake Ron rafiki wa Harry, anashuka kwenye chumba chao cha hazina Gringotts, benki ya wachawi. Ndani mna kirundo kidogo cha sarafu za fedha, Sickle, na sarafu MOJA ya dhahabu, Galleon. Anapapasa mpaka pembeni kabisa kwa mkono, kisha anavikomba vyote na kuvitia mkobani. Watoto watano wanaenda shule mwaka huo.

Mama yule ni mchawi hodari. Vyombo vinajiosha jikoni kwake. Kwa nini asichukue mawe ya bustanini ayageuze dhahabu? Na kama haiwezekani, ni nini hasa kinachozuia? Na kama inawezekana, dhahabu ina thamani gani tena katika dunia ile?

Karibuni.

#2 Kinyozi Mkongwe

Nimevuta kiti karibu na mlango. Binti Kinu akianzisha uzi hatulali.

#3 Msomaji wa Usiku

Jibu lipo kitabu cha saba, dada. Sheria ya Gamp kuhusu kugeuza vitu. Ina mambo matano yasiyowezekana kwa uchawi, na dhahabu ni mojawapo. Uzi umeisha.

#4 Mama Wawili

Msomaji wa Usiku, rudi ukasome tena. Hermione anapoieleza ile sheria wako porini kwenye hema, wana njaa, Ron analalamika kuhusu chakula. Anachokitaja ni chakula tu. Kwamba huwezi kukitoa hewani, ila unaweza kukiita kama unajua kilipo, kukibadilisha, au kukiongeza kama unacho tayari. Mengine manne hayatajwi kwenye vitabu vyote saba. Dhahabu mmeiongeza nyinyi wasomaji mitandaoni, na imerudiwa mpaka watu wanaamini imeandikwa.

#5 Msomaji wa Usiku

Nimefungua kitabu. Mama Wawili yuko sahihi, nimekosea. Lakini bado nadhani ni mojawapo. Tazameni chumba cha hazina cha ukoo wa Lestrange, kitabu hichohicho. Harry na wenzake wanapogusa vitu vinawaunguza na kuzaana, vikombe juu ya vikombe mpaka karibu viwafukie. Na Griphook, mmoja wa magoblini (viumbe wadogo wanaoendesha benki ya Gringotts), anawaambia wazi kwamba nakala zile hazina thamani. Yaani uchawi unatoa UMBO la dhahabu, dhahabu yenyewe hautoi.

#6 Hesabu Kali

Hapo ndipo swali linapoanza, mkuu. Nakala haina thamani kwa kipimo gani? Inayeyuka baadaye? Ina uzito pungufu? Au ni dhahabu kamili ila magoblini wanajua haikutoka mikononi mwao?

Nawapa hesabu nyingine. Galleon moja ni Sickle 17, Sickle moja ni Knut 29. Kwa hiyo Galleon ni Knut 493. Mwandishi mwenyewe aliwahi kusema katika mahojiano kwamba Galleon ni kama pauni tano za Uingereza. Hadithi inatokea kuanzia 1991 (tunajua kwa sababu mzimu Nick alikufa 1492 na anaadhimisha miaka 500 katika kitabu cha pili). Miaka hiyo wakia moja ya dhahabu, gramu 31.1, ilikuwa kama pauni 200. Pauni tano zinakununulia chini ya gramu moja.

Pete ya ndoa nyembamba ni gramu 3 au 4. Sasa linganisha na kitabu cha nne, kwenye kambi ya Kombe la Dunia la Quidditch, mchezo wa wachawi. Yule Muggle (mtu asiye mchawi) mwenye uwanja anasema watu wawili wamejaribu kumlipa kwa sarafu za dhahabu kubwa kama vifuniko vya magurudumu ya gari. Hata tukisema alikuwa anakuza mambo, hiyo si gramu moja.

Kwa hiyo ama Galleon si dhahabu halisi, ama kila mchawi anatembea na utajiri mfukoni na hajui.

#7 Kinyozi Mkongwe

Angejua Mama Weasley! Hiyo Galleon moja angevuka nayo upande wa pili, akaiuza kwa sonara wa Muggle, akarudi na daftari za watoto wote.

#8 Hesabu Kali

Kinyozi, umesema kwa kutania lakini ndiyo hoja yenyewe. Tena kuna njia kubwa zaidi. Tuseme Sickle na Galleon zina uzito sawa. Kwa wachawi dhahabu moja ni fedha 17. Kwa Muggle mwanzoni mwa miaka ya 1990 dhahabu moja ilikuwa fedha kama 90. Unachukua Galleon moja, unaiyeyusha, unaiuza London, unanunua fedha ya uzito mara 90, unaipeleka Gringotts ikapigwe Sickle, unabadilisha upate Galleon tano. Unarudia. Wiki mbili umemaliza benki.

Na jambo hili si la vitabuni tu. Isaac Newton alipokuwa mkuu wa kiwanda cha sarafu cha Uingereza, guinea ya dhahabu iliwekwa shilingi 21 mwaka 1717. Bei hiyo iliipa dhahabu thamani kubwa kidogo kuliko masoko ya nje. Wafanyabiashara wakaleta dhahabu na kuondoka na fedha, mpaka sarafu nzuri za fedha zikaadimika nchini. Tofauti ilikuwa ndogo tu. Ya Gringotts ni mara tano.

#9 Mwl. wa Kemia

Newton huyohuyo alitumia miaka mingi ya maisha yake akitafuta Jiwe la Mwanafalsafa, lile la kugeuza metali kuwa dhahabu. Hakulipata, lakini ameacha maandishi mengi sana ya alkemia, elimu ya kale ya kugeuza metali.

Kwa mleta mada, naomba niseme la darasani kwangu. Dhahabu ni elementi. Ina protoni 79. Ukichoma, ukichanganya, ukitia tindikali, unachezea elektroni za nje tu, kiini hakiguswi. Ndiyo maana wanaalkemia wa kale, Waarabu kwa Wazungu, walihangaika karne nyingi bila mafanikio, ingawa njiani walituachia ujuzi mkubwa wa kukeneka vimiminika na wa tindikali.

Na kiini kikiguswa inawezekana. Mwaka 1980 kundi la Glenn Seaborg kule California liligeuza metali ya bismathi kidogo mno kuwa dhahabu kwa mashine ya kurusha chembe. Na maabara ya CERN, Ulaya, walitangaza 2025 kwamba kati ya 2015 na 2018 viini vya metali ya risasi vilivyopishana kwa kasi kubwa katika mashine yao vilitoa dhahabu jumla ya pikogramu 29. Weka gramu moja, igawe vipande trilioni, chukua 29. Na ilidumu kwa muda usiofika hata kupepesa jicho.

Kwa hiyo nadharia yangu: njiti kuwa sindano ni kubadilisha umbo na sura. Dhahabu inataka kuvunja kiini. Jiwe la Mwanafalsafa la Nicolas Flamel, katika kitabu cha kwanza, ndilo pekee lililoweza, ndiyo maana likawa moja tu duniani.

#10 Mama Wawili

Mwalimu, njiti ni mti na sindano ni chuma. Hapo kiini hakijavunjwa?

#11 Mwl. wa Kemia

Mama Wawili umenikamata vizuri. Kaboni kuwa chuma ni protoni 6 kuwa 26. Ngoja nifikirie.

#12 Mzee wa Duara

Habari zenu vijana. Mwanangu ndiye alinipa vitabu hivi, nikavisoma vyote nikiwa nimevunjika mguu. Nimechimba dhahabu Lupa, Chunya, na baadaye Geita, jumla miaka kumi na tisa.

Nataka niwaambie nilichokiona kwa macho. Mawe yanatoka duarani, yaani shimoni, yanasagwa kwenye kalasha mpaka yanakuwa unga. Unaosha kwenye mwalo (mfereji wa kuchujia), unabaki na mchanga mweusi mzito ndani ya karai. Unatia zebaki, unakoroga kwa mkono. Zebaki inaikusanya dhahabu yote, kisha unaikamua kwenye kitambaa kama unakamua tui. Kinachobaki kitambaani ni donge jeupe, laini, baridi. Mtu asiyejua atasema ni risasi. Unaliweka juu ya moto. Kwanza halifanyi kitu. Halafu ule weupe unaanza kuondoka pembeni, unaingia kati, na mbele ya macho yako donge linageuka njano.

Nilipoiona mara ya kwanza nilikuwa na miaka 20 na nilirudi nyuma hatua. Kwa hiyo anayeniambia kuhusu Jiwe la Flamel namwelewa kabisa. Watu wa kale wangeliona donge lile wasingeacha kuamini kwamba metali hugeuka. (Vijana mlio machimboni, moshi ule ni sumu inayokula ubongo na mikono inaanza kutetemeka. Tumieni retoti, chombo kinachonasa moshi wa zebaki, na msichomee jikoni kwa mama watoto.)

Sasa hoja yangu. Mchawi hana shida ya kutengeneza. Shida ni ya KUUZA. Nilikuwa na pointi 42 siku moja, yaani gramu nne na pointi mbili, nimezipima mwenyewe. Mnunuzi mmoja akaweka kwenye mzani wake zikawa 35. Nikabisha. Akaniambia nipeleke kwingine, na kwingine kulikuwa saa tano kwa lori. Nikauza. Dhahabu ni ya mwenye mzani. Kule kwa Harry mzani ni wa magoblini.

#13 Kinyozi Mkongwe

Mzee, shikamoo. Hilo la mwisho nimelisoma mara tatu.

#14 Rehani ya Forodhani

Marahaba kwa niaba yake, hee. Mimi natoka ukoo wa masonara, Unguja. Babu alikaa na nyundo yake mpaka macho yalipokataa.

Mzee wa Duara amesema kweli lakini pungufu kidogo. Mzani peke yake hautoshi. Sonara akiletewa bangili anaisugua kwenye jiwe jeusi inaacha mstari, anadondosha tindikali, anatazama mstari unabaki au unatoweka. Karati 22 maana yake sehemu 22 kati ya 24, ndiyo ile 916 mnayoiona imepigwa ndani ya pete. Na ile 916 ni muhuri wa mtu. Ukimwamini aliyeupiga huhitaji tindikali.

Galleon nazo zina namba pembeni. Hermione anaeleza katika kitabu cha tano kwamba namba zile zinamtaja goblini aliyeipiga. Yeye akatengeneza Galleon za bandia kwa ajili ya kundi lao, namba zikawa zinabadilika kuonyesha tarehe ya mkutano. Kwa sura hazikuwa na kasoro. Mwanafunzi wa miaka kumi na sita! Lakini huoni mahali popote anafikiria kwenda kununulia kitu. Alijua ni mtu gani angeshtuka.

#15 Jirani wa Kisumu

Sasa tufike kwa magoblini wenyewe, maana mnawapita tu kama makarani.

Bill Weasley anamweleza Harry kwamba kwa goblini mwenye mali ni aliyeitengeneza. Ukinunua, umekodi tu. Ukifa, inapaswa kurudi kwa aliyeifua. Wachawi wanaona huo ni wizi, magoblini wanaona wizi ni wa wachawi kurithishana. Na ongezeni hili: magoblini wamekatazwa kubeba fimbo za uchawi. Griphook analitaja kwa uchungu. Wamefanya maasi mpaka ni somo zima la historia pale Hogwarts, shule ya uchawi.

Kwa hiyo dhahabu ndiyo nguvu pekee waliyoachiwa. Wachawi walichukua fimbo, magoblini wakabaki na ufunguo wa hazina. Ndiyo maana Galleon haiwezi kutengenezwa jikoni. Si kemia hata kidogo, ni mapatano ya watu wawili wasiopendana.

Huku kwetu miaka ya 1930 kulikuwa na mbio za dhahabu Kakamega. Wenyeji walikuwa wamehakikishiwa kisheria kwamba ardhi ni yao. Dhahabu ilipoonekana, mwaka 1932 serikali ya kikoloni ikabadilisha sheria yenyewe. Nikisoma Griphook anavyoushika ule upanga wa Gryffindor uliofuliwa na magoblini, nasikia wazee wa Kakamega.

#16 Msomaji wa Usiku

Jirani, nakuunga mkono ila upanga wa Gryffindor ni wa fedha wenye rubi. Magoblini fahari yao ni fedha. Ile fedha yao inafyonza tu kinachoiongezea nguvu, ndiyo maana ilibeba sumu ya basiliski, yule nyoka mkubwa. Hakuna mahali dhahabu inasifiwa hivyo.

#17 Binti Kinu

Asanteni, sikutarajia haya yote. Msomaji, lakini angalia dhahabu inapotokea nje ya pesa. Pete ya Marvolo, kidani cha Slytherin, kikombe cha Hufflepuff. Vyote vitatu ni vya dhahabu na vyote vitatu Voldemort, mchawi mwovu wa vitabu hivi, alifichia vipande vya roho yake. Snitch, ule mpira mdogo wa Quidditch, ni ya dhahabu, na inakumbuka ngozi ya mtu wa kwanza kuigusa. Hata ile dawa ya bahati ina rangi ya dhahabu iliyoyeyuka. Je, si kwamba dhahabu INASHIKA uchawi kuliko kitu kingine? Huenda ndiyo maana haigeuzwi: imeshiba.

#18 Mama Wawili

Nimependa "imeshiba". Ila shajara ya Riddle (ndiye Voldemort kabla hajabadili jina) ilikuwa karatasi na ilishika roho vizuri tu. Na Nagini, naye alibeba kipande cha roho, ni nyoka. Voldemort alichagua vitu vyenye heshima na historia, kwa majivuno yake. Dhahabu ilikuja na heshima.

Na hata darasani hawaitaki. Harry alipotaka kununua sufuria la uchawi la dhahabu tupu, Hagrid, aliyempeleka dukani, alimkatalia kwa sababu orodha ya shule ilitaja aina nyingine ya metali. Kama dhahabu ingekuwa inashika uchawi, si wangekuwa wanapikia humo?

#19 Kinyozi Mkongwe

Jamani mbona hakuna anayetaja chuma ulete?

#20 Binti Kinu

Kinyozi!

#21 Kinyozi Mkongwe

Nasema kweli. Mama yangu mdogo alikuwa na duka la rejareja. Jioni alihesabu, elfu thelathini. Asubuhi elfu kumi na mbili, kufuli halijaguswa. Mtaa mzima ukasema amelipwa noti ya chuma ulete, ile inayoingia kwenye droo na kurudi kwa mwenyewe na wenzake. Tangu siku hiyo akawa anaweka pilipili na sindano ndani ya droo.

Sasa soma dhahabu ya maleprekoni (vijitu vya kichawi), kitabu cha nne. Inamwagika uwanjani kama mvua, watu wanagombania, baada ya saa chache imetoweka. Ron alimlipa Harry kwa hiyo, kufidia zile darubini za Galleon kumi. Alijiona kwa mara ya kwanza hadaiwi. Miezi inapita, darasani kwa Hagrid ndipo anagundua zilitoweka, na Harry hata hakuona zimepungua mfukoni. Rafiki yake ana dhahabu nyingi kiasi kwamba Galleon kumi zikitoweka hasikii! Mimi nilifunga kitabu pale. Nimewahi kuwa Ron.

#22 Mzee wa Duara

Hapo Kinyozi umegusa moyo wa kitabu.

#23 Hesabu Kali

Na Ludo Bagman, mkubwa mmoja wa wizara ya wachawi, aliwalipa Fred na George, kaka zake Ron, dau lao la Kombe la Dunia kwa dhahabu hiyohiyo ya maleprekoni. Walikuwa wameweka akiba yao yote, Galleon 37, Sickle 15 na Knut 3. Vijana wajanja wa biashara kuliko wote Hogwarts, hawakutambua wakati wanapokea. Kwa hiyo mtu wa kawaida HAWEZI kutambua. Hoja ya Rehani inasimama: uhalali uko kwa magoblini peke yao.

Mimi sasa naegemea upande kwamba Galleon ni kama noti. Thamani yake ni namba ya goblini pembeni, dhahabu ni pambo. Hiyo inaeleza pauni tano.

#24 Rehani ya Forodhani

Hapana, Hesabu. Kitabu cha kwanza, Harry anaingia Gringotts, anawakuta magoblini wamekaa kwenye kaunta ndefu wanapima sarafu kwenye mizani. Noti haipimwi kwenye mzani. Ukiona mtu anapima sarafu, jua anahofia imekwanguliwa pembeni, na anayehofia kukwanguliwa anathamini kilichomo.

#25 Muscat na Bahari

Nawasoma kutoka Oman, nimepitwa na mengi. Niongeze la lugha, maana wengi wetu hatulioni kwa sababu tumelizoea.

Sisi pesa tunaiita fedha. Metali na mali, neno moja. Pwani yote karne ya 19 watu walilipana kwa riali za fedha za Maria Theresa, zote zimeandikwa 1780 hata zile zilizopigwa miaka mingi baadaye. Watu walikataa zenye tarehe nyingine. Na "pesa" ilitoka India, ilikuwa kijisarafu cha shaba. Dhahabu haikuwahi kutupa neno la pesa. Kilwa, ambako dhahabu ya Sofala (Msumbiji ya leo) ilipita kwa karne nyingi, masultani walipiga sarafu za shaba kwa wingi. Za dhahabu zilizoonekana mpaka leo zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Dhahabu ilikuwa ya kusafirishwa na kuvaliwa. Sokoni ulinunua samaki kwa shaba.

Ndiyo maana dunia ya Harry inanishangaza kwa sababu nyingine: mtoto ananunua pipi kwa dhahabu. Jamii inayonunua pipi kwa dhahabu, ama ina dhahabu nyingi mno, ama dhahabu yake ni ndogo mno.

#26 Mama Wawili

Sahihisho dogo: pipi za kwenye treni alilipa Sickle 11 na Knut 7. Fedha na shaba. Fimbo ndiyo Galleon 7.

#27 Muscat na Bahari

Nimesahihishwa, ahsante. Basi hawajapotoka sana na Kilwa.

#28 Jirani wa Kisumu

Kuna pia ile sarafu ya Tabora, mwaka 1916, wakati wa vita. Wajerumani walikuwa wamekatiwa njia ya bahari, sarafu zimeadimika. Wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakaigonga kwenye karakana ya reli pale Tabora, rupia 15, tembo upande mmoja. Zaidi kidogo ya elfu 16. Dhahabu yake ni robo tatu tu, iliyobaki ni metali nyingine. Lakini ilipokelewa. Noti za dharura walizochapisha wakati huohuo watu walizitilia shaka. Hesabu Kali, hapo dhahabu ni pambo?

#29 Hesabu Kali

Hapo umenibana. Ila na mimi nakuuliza: wazazi wa Hermione wanasimama kaunta ya Gringotts wakibadilisha noti za Muggle. Goblini anapokea karatasi ya pauni na kutoa dhahabu. Anaifanyia nini ile karatasi? Kama si kwamba kuna goblini London anayenunua vitu vya Muggle, sielewi.

#30 Mwl. wa Kemia

Nimerudi. Kuhusu njiti sina jibu na nimekubali. Nina lingine. Flamel wa kweli alikuwepo: mwandishi wa hati mjini Paris, alikufa 1418, na nyumba aliyoijenga 1407 mtaa wa Montmorency bado imesimama. Hadithi ya Jiwe alipakaziwa baadaye sana. Katika kitabu ana miaka 665, anaishi kimya Devon na mkewe Perenelle.

Kwa nini hakufurika soko? Mansa Musa wa Mali alipopita Cairo mwaka 1324 akienda kuhiji aligawa dhahabu nyingi mpaka bei yake ikashuka, na mwandishi wa zama hizo, al-Umari, aliandika kwamba miaka 12 baadaye ilikuwa haijarudi. Huyo alikuwa mtu mmoja na msafara mmoja. Mwenye Jiwe angemaliza thamani ya dhahabu kwa mwezi. Nadhani Flamel alijizuia, na magoblini walijua kwamba anajizuia, na ndiyo maana Jiwe lilikuwa limewekwa kwao kwanza, chumba 713.

#31 Mzee wa Duara

Mwalimu umenifungulia kitu. Kitabu kinasema Jiwe linageuza metali yoyote kuwa dhahabu SAFI.

Katika miaka kumi na tisa sijawahi kuona dhahabu safi ikitoka ardhini. Dhahabu ya mwambani huwa ina fedha ndani yake, pengine na shaba. Ya mgodi huu ina wekundu, ya mgodi ule ina weupe kidogo. Wazee tuliochimba nao walikuwa wakitazama donge wanabisha limetoka upande upi wa kilima.

Dhahabu ya Jiwe haina kwao. Goblini akiishika atajua hapohapo. Nakala za Lestrange vilevile, za maleprekoni vilevile. Huenda "haina thamani" maana yake ni hiyo: haina kwao.

#32 Hesabu Kali

Mzee, heshima kubwa, lakini viwanda vya Muggle vinasafisha mpaka 99.99. Hiyo nayo inakuwa haina kwao, na benki zote duniani zinaitaka.

#33 Rehani ya Forodhani

Viwanda vya Muggle vina muhuri, Hesabu. Turudi kulekule kwangu.

Binti Kinu, una kitabu cha kwanza mkononi? Nitazamie pale kaunta. Wanapima kwa mzani tu, au kuna jiwe la kusugulia?

#34 Binti Kinu

Ninacho. Mizani ya shaba ya manjano, na vioo vya kukuzia, navyo wanatazamia vito. Wanaandika kwenye madaftari makubwa. Jiwe halitajwi, tindikali haitajwi.

#35 Rehani ya Forodhani

Basi ni mzani na mkono. Babu mwishoni alipopofuka bado watu walimletea. Alikuwa akiiweka bangili kwenye kiganja, anaifunika kwa mkono wa pili, ananyamaza. Kisha anapitisha vidole kwa ndani, polepole, mzunguko mzima. Anasema "hii ya Bombay", au "hii wamekuibia". Mie sikuwahi kumwona akikosea, na sikujifunza alichokuwa anakisikiliza.

#36 Binti Kinu

Rehani, kabla kidogo ya hapo, Harry anapoona goblini kwa mara ya kwanza pale mlangoni, anatambua kwamba ana vidole virefu sana.